Kikombe cha Saa Tatu Usiku

Ujumbe wa sauti ulikuwa wa dakika 6 na sekunde 40, na ulishapita kwenye simu nyingi hadi WhatsApp yenyewe ikaupachika vile vishale viwili vya kuonyesha kwamba umesambazwa mno. Aliyezungumza ni mwanamume mwenye sauti tulivu, ya kisomo, ile ambayo ukiisikia redioni unaongeza sauti. Alisema vijiko vitatu vikubwa vya manjano kwenye glasi ya maziwa ya moto, asubuhi na jioni, siku 40, na presha itaondoka na mizizi yake. Kisukari pia. Magoti pia. Akamalizia kwamba Wahindi hawajui presha ni nini kwa sababu wamezaliwa wakinywa kitu hiki.

Mama mdogo aliuleta kwenye kundi la familia Jumapili moja asubuhi, bila neno, na alama ya mikono inayoomba. Watu wakaitikia amina. Mama yangu hakuitikia chochote, na kwa anayemjua mama, hapo ndipo pa kushtuka.

Wiki tatu baadaye kaka yangu, anayeishi naye Muheza, alikuta karatasi ya vidonge vyake vya presha iko vilevile ilivyokuwa mwanzo wa mwezi, haijatobolewa hata tundu moja. Akampeleka zahanati. 178 kwa 104. Muuguzi alipima mara ya pili akidhani mashine imekosea. Usiku ule kaka alinipigia, na baada ya salamu akasema, "Anasema wewe mwenyewe unakunywa kila siku. Anasema wewe uko kwa wenyewe."

Kweli nilikuwa kwa wenyewe. Nilikuwa Pune, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya sayansi ya chakula, kilomita mia mbili na kitu kutoka Sangli, mji ambao soko lake la manjano ni miongoni mwa makubwa kabisa India. Mwaka 2018 manjano ya Sangli yalipewa ulinzi wa kisheria wa jina lake, kama Wafaransa walivyolilinda jina la mvinyo wao wa Champagne. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mjane wa miaka 68 ninayemwita Kaku. Kwa Kimarathi, kaku ni mke wa baba mdogo, na kwa heshima ni mwanamke yeyote wa makamo ambaye hutaki kumwita kwa jina.

Na kweli nilikuwa nakunywa kila siku. Ilianza Desemba ya mwaka wa kwanza. Watu hudhani India yote ni joto, lakini Desemba usiku Pune huweza kushuka hadi nyuzi 10, na nyumba zimejengwa kwa ajili ya joto, sakafu zake za mawe zinakutafuna nyayo. Nilikohoa siku mbili. Siku ya tatu, saa tatu usiku, Kaku aligonga mlango wangu akanikabidhi kikombe cha chuma bila kuuliza kitu. Nilikunywa kwa adabu tu. Lilikuwa tope tamu lenye harufu ya mchuzi ambao bado haujatiwa samaki.

Kwetu manjano yana kazi zake zinazojulikana. Yanaingia kwenye mchuzi, kwenye urojo, na kwenye mwili wa bibi harusi. Dada yangu alipoolewa, kungwi alimsinga kwa manjano na liwa siku tatu, na mkeka ule haujarudia rangi yake hadi leo. (Wahindi nao humpaka bibi harusi, na bwana harusi hawamwachi.) Kiswahili kimekwenda mbali zaidi, kimeichukua rangi nzima kikaipa jina la kiungo. Watamil wa kusini mwa India wana neno manjal, na kwao pia ni kiungo na ni rangi. Lakini kuyatia kwenye maziwa yenye sukari? Niliona ni kama mtu ametia bizari kwenye chai.

Kikohozi kilipoisha kikombe hakikuisha. Kila saa tatu usiku mlango uligongwa. Mwezi wa pili nikaanza kuusubiri mlango ugongwe, na wa tatu nikaomba nifundishwe.

Nilijifunza nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu jiko la Kaku halibebi watu wawili. Kwanza tangawizi. Anaiponda kipande cha ukubwa wa kidole gumba na kuichemsha kwenye maji kidogo, peke yake, hadi maji yageuke rangi. Nilimuuliza kwa nini asiitie moja kwa moja kwenye maziwa, akanijibu kwamba maziwa "yatapasuka". Darasani tulikuwa tumelisoma jambo hilohilo kwa jina refu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini za maziwa, kinaitwa zingibaini, na moto wa kuchemka hukiua. Kaku hakihitaji jina hilo, anajua tu nani atangulie sufuriani.

Kisha samli, nusu kijiko cha chai, na ndani yake manjano. Si mengi: robo ya kijiko cha chai kwa kikombe, na akiwa na mgeni asiyezoea hupunguza. Anayazungusha kwenye samli ya moto kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, pua yake ikiwa juu ya sufuria, akisubiri ile harufu ya udongo mbichi iondoke. Hapo ndipo penye siri ya kinywaji chote, na ndipo watu wengi wanapoharibu, maana manjano yaliyomwagwa makavu kwenye maziwa hubaki na ladha ya chaki hata ukiyachemsha saa nzima. Rangi na harufu yake vinapenda mafuta kuliko maji. Ndiyo maana pia Kaku hununua maziwa mazito ya pakiti yenye mafuta asilimia 6, na ukimletea yaliyoondolewa mafuta anakuuliza kama unaumwa.

Maziwa yanaingia, maji ya tangawizi yanaingia, iliki mbili zilizopasuliwa, punje tatu za pilipili manga zilizopondwa, na kungumanga lililokwaruzwa mara mbili tu kwenye kikwaruzo. Povu linapanda, anashusha moto, linapanda, anashusha, mara ya tatu anazima na kufunika. Sukari guru inakuja mwisho kabisa, sufuria ikiwa nje ya moto, kwa sababu nayo ina tabia ya kuyakata maziwa yanayochemka. Kinachotoka si ile rangi kali ya kwenye picha za mtandaoni. Ni manjano hafifu, kama kiini cha yai la kuku wa dukani. Unakunywa polepole, na chini kunabaki machicha ambayo Kaku huyafuta kwa kidole na kuyalamba, akiamini simwoni.

Kuhusu kuosha kikombe nina neno moja: ukitumia sabuni, doa la manjano hugeuka jekundu, kama damu. Mara ya kwanza nilidhani nimejikata. Ni rangi ile ile tu inabadilika ikikutana na kitu chenye alkali. Wahindi huyachanganya manjano na chokaa wakapata ile poda nyekundu ya kupaka kwenye paji la uso.

Manjano yenyewe Kaku hayanunui ya unga. Kila mwaka baada ya mavuno, Februari au Machi, huagiza vidole vikavu kilo mbili, anavichagua kimoja kimoja, kisha anavipeleka mashine ya kusaga ya mtaani na kusimama palepale hadi visagwe mbele ya macho yake. Nilidhani ni ukali wa wazee. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2019 watafiti walithibitisha kuwa baadhi ya manjano Bangladesh yalikuwa yakitiwa kromati ya risasi, kemikali ya njano inayotumika kwenye rangi za kupaka, ili yang'ae. Risasi hiyo ilikuwa ikikutwa kwenye damu za wajawazito. Serikali yao ilivamia masoko, ikatoza faini, na kufikia 2021 sampuli zilizopimwa hazikuwa nayo tena. Kwa hiyo anayekuuzia manjano yanayong'aa kama koti la mwendesha bodaboda, muulize maswali.

Sasa rudi kwenye ule ujumbe wa sauti. Simu ya kaka ilipokatika nilikaa kitandani nikafanya hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo nimesomea. Kinachosifiwa ndani ya manjano kinaitwa kurkumini. Katika manjano makavu ni takriban asilimia 3. Robo ya kijiko cha chai haifiki gramu moja, kwa hiyo kikombe cha Kaku kina miligramu 20 hivi. Majaribio yanayofanywa kwa watu hutumia miligramu 500, 1,000, na kuendelea, kila siku, kwenye vidonge. Na hata hizo nyingi hupita tumboni na kutoka bila kuingia kwenye damu. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, ule ukali wa pilipili manga, na kiasi kilichoonekana kwenye damu kikaongezeka mara 20. Hiyo "mara 20" utaikuta kwenye kila tangazo la vidonge vya manjano. Wasichokiandika ni kwamba bila pilipili kiasi chenyewe kilikuwa karibu na sifuri, na mara 20 ya karibu na sifuri si mali nyingi. Mwaka 2017 wanakemia wa Marekani walipitia rundo zima la tafiti katika Journal of Medicinal Chemistry, wakahitimisha kwamba hawakuona jaribio hata moja lililodhibitiwa barabara ambalo kurkumini ilifaulu kutibu kitu.

Kwa upande wa pili, vijiko vitatu vikubwa ni zaidi ya gramu 20 kwa glasi, mara mbili kwa siku. Hicho si kinywaji tena. Vidonge vya manjano yaliyokolezwa vimeshahusishwa na watu kuumia ini, na kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, manjano mengi si jambo la kuchezea.

Kesho yake nilimpigia mama. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Kaka yako ameshakupigia." Nikamweleza yote: asilimia 3, miligramu 20, Bangalore, 2017. Mama ni mtu wa adabu, alinisikiliza hadi mwisho.

"Na hao waliopima," akasema, "walimpima nani? Walimpima bibi yako?"

Bibi mzaa mama alifika miaka 90 bila kumeza kidonge, na kwenye ukoo wetu hiyo ni hoja inayofunga mjadala.

"Kwa hiyo nyie wasomi," akaendelea, "kitu kikiwa cha porini ni uongo. Kikishatiwa kwenye chupa ndiyo dawa."

Hilo sikuweza kulipuuza, kwa sababu si uongo wote. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza kwa kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi, juu ya kutumia manjano kuponya vidonda. Yaani kitu ambacho kila mama wa Kihindi hufanya mtoto akijikata, na wa kwetu wengi pia, kilikuwa kimepata mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yeye. Baraza la utafiti wa sayansi la India, likiongozwa na Raghunath Mashelkar, mkemia ambaye kabla ya hapo alikuwa mkurugenzi wa maabara ya taifa ya kemia hapahapa Pune, lilikwenda kupinga. Walipeleka maandiko ya kale ya Kisanskriti na makala ya jarida la kitabibu la India la mwaka 1953, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Miaka 20 hivi baadaye mikahawa ya London na San Francisco ikaanza kuuza kikombe hiki kama kitu kipya, kwa jina la golden milk. Leo kimerudi hata Pune kikiwa kimevaa suti. Kuna mkahawa barabara ya Fergusson College unaowauzia wanafunzi kwa rupia 220, na povu la maziwa ya lozi juu. Nilipomtajia Kaku bei hiyo alicheka hadi akashika ukuta.

Kwa hiyo mama anaposema kwamba wakubwa huidharau mitishamba hadi siku wanapoitaka, ana ushahidi kuliko anavyojua. Tatizo ni kwamba presha haisomi historia. Ilikuwa 178 kwa 104, na kidonda kuponywa na manjano hakuufanyi mshipa wa damu utulie. Nilimpigia siku tatu mfululizo. Siku ya tatu akasema simu inaisha chaji.

Usiku huo Kaku aliniona nimekaa mezani bila kugusa kikombe. Akauliza. Nikamweleza kwa Kihindi changu cha sokoni: mama, presha, hali vidonge, anakunywa haldi. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kitu cha ajabu, akanyoosha mkono juu ya jokofu.

Juu ya jokofu la Kaku kuna kisanduku cha plastiki chenye vifuniko saba, kimoja kwa kila siku ya wiki. Nilikuwa nimekiona karibu kila siku kwa mwaka mzima na zaidi. Kaku ana presha. Ana presha katika nyumba ambayo manjano hayajawahi kukosekana tangu alipoolewa, katika nchi ambayo watu wazima zaidi ya milioni 200 wanayo, pamoja na haldi yao yote. Na kila siku saa tatu kasoro dakika moja, kabla hajagonga mlango wangu, alikuwa ameshameza kidonge chake.

"Mpigie," akasema. "Ya kuonana."

Saa tatu na robo Pune ni saa kumi na mbili na dakika 45 jioni Muheza, magharibi imetoka kuswaliwa. Mama alitokea akiwa bado kwenye kanga ya swala, kioo kimeelekea zaidi kwenye dari kuliko usoni kwake. Alipomwona mtu mzima nyuma yangu alijiweka sawa haraka.

"Mwambie shikamoo. Huyo ni mkubwa kwangu."

Shikamoo haina tafsiri, lakini kwetu husemwa kwamba asili yake ni kushika miguu ya mkubwa. Nikamwambia Kaku hivyo: mama anagusa miguu yako. Hilo halikuhitaji maelezo zaidi, maana Wamarathi hufanya hivyo kwa mikono kabisa. Kaku aliinua kiganja chake kuelekea kwenye simu, akambariki.

Baada ya hapo kazi yangu ikapungua. Kaku alikuwa anaonyesha vitu, mama anavitaja. Alipoinua iliki na kusema "ilaichi", mama akasema "iliki" kabla sijafungua mdomo. Dalchini, mdalasini. Kipande cha gul, sukari guru. Wakafurahi kama watu waliogundua kwamba wamesoma shule moja. Kisha mama akanyanyuka, akarudi na kopo lake la manjano na kijiko, akaonyesha: kimoja, viwili, vitatu, vya kulia wali.

Kaku aliweka mkono mdomoni. "Nahi, nahi, nahi." Akachukua manjano yake kwa ncha za vidole viwili, akasogeza vidole vile hadi karibu viiguse kamera. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akakitikisa kile kisanduku ili kisikike, akafungua kifuniko cha siku ile kilichokuwa tayari kitupu, akaonyesha utupu wake, akaelekeza kidole kifuani kwake. Akaonyesha glasi ya maji. Halafu ndipo akainua kikombe cha maziwa.

Mama alikaa kimya.

"Kumbe naye ana presha?"

"Ana presha, mama. Mwaka wa kumi na mbili huu."

"Na anakunywa manjano."

"Kila siku."

Akatazama pembeni, ambako nadhani alikuwa kaka. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza jambo la ndani: "Muulize, miguu yake haivimbi?"

Kwenye simu zote za siku tatu zile miguu ilikuwa haijatajwa na mtu. Kaka hakuitaja, wala karatasi ya zahanati. Nikatafsiri. Kaku hakushangaa hata kidogo. Alikaa kwenye kiti, akapandisha pindo la sari, akabonyeza kifundo cha mguu kwa dole gumba na kuniamuru nisogeze simu. Ngozi ilirudi palepale. Akaeleza, nami nikafuatisha: kidonge cha kwanza alichopewa kilimvimbisha miguu hadi champali hazikuingia. Alimwambia daktari. Daktari akambadilishia.

"Alimwambia tu," mama akarudia, "wakambadilishia tu."

"Ndiyo."

"Mimi niliwaambia. Wakasema nitazoea."

Ilitoka hivyo, bila hasira, kama anayetaja bei ya nyanya. Miezi mitano alikuwa ametembea na miguu iliyojaa, akivua viatu chini ya meza kwenye vikao vya kikoba asionekane, na mwanamume mwenye sauti nzuri ndiye mtu wa kwanza aliyempa njia nyingine. Kuvimba miguu ni athari inayojulikana ya baadhi ya dawa za presha, imeandikwa kwenye karatasi ndogo ndani ya boksi, kwa Kiingereza.

Jumatatu iliyofuata kaka alimpeleka hospitali nyingine, na safari hii aliingia naye hadi ndani. Daktari alimbonyeza miguu, akabadilisha kidonge. Baada ya wiki mbili presha ilikuwa 146 kwa 90. Mwezi uliofuata, 138 kwa 84. Miguu ilipungua kabla ya hapo.

Kikombe hatukumnyima, na sikuona sababu ya kumnyima. Tulipatana nusu kijiko cha chai, baada ya yeye kuanzia viwili nami robo. Kidonge kinawekwa kwenye kisosi, na kikombe juu ya kisosi hichohicho, ili kimoja kisipite bila kingine. Hilo ni wazo la kaka, si langu. Mengine yote ameshayabadilisha. Manjano hayasagi, anayachimba mabichi nyuma ya jiko na kuyakwaruza, vidole vyake sasa havitoki rangi. Kungumanga amelikataa. Ameweka mdalasini wa Amani, kule milimani juu ya Muheza ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902 na ambako hadi leo watu wanalima iliki, karafuu na mdalasini. Pilipili manga nayo ameikataa. "Maziwa si supu," alisema, na nilipomtajia ile tafiti ya Bangalore akaniuliza kama nimekula.

Kaku anataka kuujaribu huo mdalasini. Kuna mwanafunzi mwenzangu anakuja kutoka Tanga mwezi ujao, na mama ameshafunga mfuko, kilo nzima, ingawa niliomba gramu mia.

Majirani wanapomuuliza mama nini kimeshusha presha yake, anasema ni manjano. Kaka hunipigia akilalamika kwamba sasa kuna wamama wanne wanaokuja kuulizia maziwa. Nimemuuliza kama mama huwaonyesha na kisosi. Anasema huwaonyesha, ila kidonge hukitaja mwisho, kwa haraka, kama mtu anayetaja dini ya mkwe wake.

Wiki iliyopita mama mdogo ameleta ujumbe mwingine kwenye kundi. Sauti ni ileile. Safari hii ni mdalasini na asali, kwa wenye kisukari. Dakika 7 na sekunde 15. Mama ameunipelekea faragha, na chini yake ameandika: Msikilizishe na Kaku, halafu uniambie anasemaje.